Kujitolea mpaka usahau saa: mwongozo kwa anayeanza

Kila shule zikifungwa, na kila Mto Nyando ukivunja kingo, maswali huwa yaleyale. Nijitolee wapi? Nitapewa cheti? Nauli nitarudishiwa? Halafu baada ya wiki chache huja lile ambalo mtu huliuliza kwa kusitasita: mbona wenzangu wanarudi nyumbani wamechangamka, na mimi narudi nimechoka tu?

Matatu ya kwanza yana majibu mafupi. Mahali pa kujitolea hapa Kisumu hapakosekani, nitapataja chini. Barua au cheti hutolewa na mashirika mengi ukikaa muda wa kutosha, mradi uulize mapema. Nauli ihesabu kuwa ni yako. Swali la nne ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakiacha kujitolea kabisa, wakidhani hawana moyo wa kusaidia, kumbe walipewa kazi isiyowashika.

Ninachokiamini ni hiki: furaha ya kujitolea haitokani na wingi wa saa unazotoa, wala na ukubwa wa shida unayokwenda kupambana nayo. Inatokana na kuzama katika kazi yenyewe. Na kuzama si bahati. Mtu anaweza kujiandalia.

Nadharia kidogo tu. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi (1934–2021), aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahoji wapanda milima, wacheza sataranji, madaktari wa upasuaji na wafanyakazi wa viwandani kuhusu nyakati zao bora. Walieleza hali inayofanana: akili yote iko kwenye kazi, saa zinapita bila kujua, wasiwasi wa maisha umenyamaza. Alikuta kwamba hali hiyo huja pale lengo linapoeleweka, matokeo yanapoonekana papo hapo, na ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa anayeifanya. Akasisitiza pia jambo ambalo wanaoanza hawalitarajii: ukiwa umezama husikii furaha, kwa kuwa huna nafasi ya kujichunguza. Furaha huifahamu baadaye, kazi ikiisha.

Kuhusu kujitolea kwenyewe, watafiti Peggy Thoits na Lyndi Hewitt walichapisha mwaka 2001 utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba njia inakwenda pande zote mbili. Kujitolea kuliongeza furaha, kuridhika na maisha, kujithamini na hata afya ya mwili, na kulipunguza sonona. Lakini pia waliokuwa na hali njema tangu mwanzo ndio waliotoa saa nyingi zaidi. Kwa hiyo kama siku hizi moyo wako uko chini, usijipime na yule anayeanza kwa kasi. Anza na kidogo.

KABLA YA KUANZA

Hakikisha una vitu hivi:

- Saa mbili au tatu kwa wiki, siku ileile, ambazo watu wa nyumbani wanazijua na wamezikubali.
- Nauli ya kwenda na kurudi ya miezi miwili, uliyoitenga kando. Kama haipo, chagua mahali unapofika kwa miguu. Usikope ili ukajitolee.
- Kitambulisho. Kwa kazi yoyote ya watoto, uwe pia na cheti cha nidhamu njema kutoka DCI (idara ya polisi ya upelelezi wa jinai), ambacho maombi yake hufanywa kupitia eCitizen. Mahali pasipokuuliza chochote kabla ya kukukabidhi watoto, jiulize huwa wanawakabidhi nani mwingine.
- Daftari dogo na kalamu. Ya simu haitoshi, utaona sababu katika hatua ya 5.
- Chupa ya maji na kofia. Jua la Kisumu saa tano halina mchezo.
- Kwa kazi za ufuoni au mitaroni: mabuti ya mpira na glavu nene. Zile nyembamba za hospitali hupasuka kwenye kipande cha kwanza cha chupa.

HATUA

1. Anza na mikono yako, si na shida.

Wengi huchagua kwa kutazama jambo linalowauma: mayatima, mafuriko, uchafu wa ziwa. Nia ni njema. Lakini utakachofanya kila Jumamosi si "mayatima". Ni kuosha masufuria, au kufundisha kujumlisha, au kujaza fomu, au kupanga magunia ya unga. Hicho ndicho kitakachokushika au kukuchosha. Andika kwenye daftari kazi tatu ambazo uliwahi kuzifanya ukasahau chakula cha mchana. Labda ulikuwa unatengeneza redio, unasuka nywele, unapiga hesabu za chama, unamweleza mdogo wako sayansi. Ndipo utafute shida inayohitaji kazi ya namna hiyo.

2. Tembelea mahali pawili au patatu kabla ya kuahidi.

Dunga, kusini mwa mji, kuna kamati ya usimamizi wa ufuo na vikundi vya wenyeji vinavyolinda kinamasi cha mafunjo. Mitaani, kuanzia Manyatta hadi Nyalenda na Obunga, shule nyingi za msingi hufurahi kupata mtu wa kusoma na watoto walioachwa nyuma. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na wanaojitolea nao huwa na shughuli nyingi mvua inapoharibu Ahero, Nyando au Budalang'i. Ukiwa upande wa Kakamega, ulizia vitalu vya miche vinavyomilikiwa na vikundi vya jamii karibu na msitu. Nakuru kuna kazi moja ninayoipenda sana: hesabu ya ndege wa majini, inayofanywa mwezi wa Januari na kuratibiwa na Makavazi ya Kitaifa pamoja na washirika wake. Watu wa kujitolea huzunguka Ziwa Nakuru kwa vikundi, na anayeanza anakaribishwa.

Ukifika, muulize mratibu: Nitafanya nini hasa? Nitajuaje kama nimeifanya vizuri? Nani atanionyesha? Akikujibu "wewe njoo tu, kazi haikosekani", mshukuru na uendelee kutafuta. Hapo utakaa kwenye kiti cha plastiki ukisubiri kutumwa.

Tahadhari: ukidaiwa "pesa ya fomu" itumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi, huo ni utapeli. Ada ya uanachama ya shirika halali ina risiti.

3. Pima ugumu, na uupime kwa uaminifu.

Hatua hii ndiyo huamua mengi, basi isome polepole.

Kazi ikiwa ndogo kuliko uwezo wako, akili hutoroka. Mwalimu mstaafu akipewa kugawa chai atagawa vizuri mara mbili, mara ya tatu atapata udhuru. Kazi ikikuzidi, woga ndio hukaa mahali pa umakini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiachwa peke yake na mama aliyepoteza nyumba juzi hatazama popote. Ataganda, na usiku hatalala. Wote wawili watasema kujitolea hakuwafai, na wote wawili wamekosea kisa.

Chukua ile hesabu ya ndege uone jinsi ngazi zilivyo. Anayeanza hupewa ukarani: aliye na darubini anataja jina na idadi, wewe unaandika. Ni kazi ya kweli, ukiandika vibaya hesabu yote inaharibika, lakini haikuzidi. Baadaye unapewa ndege wakubwa, mwari kwa mfano. Kisha heroe. Hapo unajifunza kumtofautisha heroe mdogo, mwenye mdomo mweusi-mweusi na rangi ya waridi iliyokolea, na yule mkubwa aliye mrefu na mweupe zaidi, mwenye mdomo wa waridi na ncha nyeusi. Halafu unafundishwa kuhesabu kundi: unahesabu kumi kwa macho, unaona wamechukua nafasi kiasi gani, unaongeza nafasi hiyo hadi mia, ndipo unapita juu ya kundi zima kwa mamia. Mwisho kabisa ndio wale ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia matopeni, ambao hata wazoefu hubishania. Katika kila ngazi, kazi inakuzidi kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kinachokuamsha.

Baada ya kikao cha pili, jibu maswali mawili kwenye daftari. Je, nilitazama saa kwa kuchoshwa? Je, nilitamani mtu mwingine aje achukue nafasi yangu kwa woga? Ndiyo kwa la kwanza: omba kazi ngumu zaidi. Ndiyo kwa la pili: omba kufanya pamoja na mzoefu. Hakuna mratibu mwenye akili timamu atakayekasirika.

4. Weka lengo la siku hiyo moja.

Liwe dogo na uweze kuliona kwa macho. "Kuokoa Ziwa Victoria" si lengo la Jumamosi. "Kutoka mti ule hadi pale mashua zinapofungwa, kusibaki plastiki" ni lengo. "Watoto watatu, kila mmoja asome ukurasa mmoja bila kusaidiwa" ni lengo. Liseme kwa sauti mbele ya wenzako kabla ya kuanza, ili saa moja baadaye nyote mjue mko wapi.

5. Weka simu mbali.

Si mfukoni, kwenye mkoba, na mkoba kwenye chumba kingine au kwa mtu mmoja anayelinda mizigo. Umakini ukikatika huchukua muda kurudi, na ujumbe wa kikundi cha familia unaweza kungoja saa mbili. Picha ziachiwe mtu mmoja, mwishoni, baada ya kazi. Nimeona asubuhi nzima ikiliwa na picha: mtu anaokota chupa, anasimama apigwe, anaikagua, anaomba irudiwe. Huyo hakuwahi kuingia kazini.

Tahadhari: watoto usiwapige picha wala kuwaweka mtandaoni bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini hiyo, na hata kama sheria isingekuwepo, ni uso wa mtoto wa mtu.

6. Fanya kazi kwa utaratibu mmoja usiobadilikabadilika.

Utaratibu unakuondolea kufikiria "sasa nini?" kila dakika. Nitaeleza mmoja, wa kusoma na mtoto wa darasa la tatu, kwa vile ndio unaoulizwa zaidi.

Kaa kando yake, si mbele yake kama mtahini. Kitabu ashike yeye. Kidole chake kitembee chini ya maneno. Akikwama, nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano; mara nyingi kufikia nne amelipata. Asipolipata, mpe silabi ya kwanza tu: "ma..." naye amalizie "...tatu". Watoto wengi hapa nyumbani wanazungumza Kijaluo, lugha isiyo na sauti ya "sh", kwa hiyo akisoma "sule" badala ya "shule" amesoma sawasawa. Usimkatize, muache afike nukta, kisha wewe itamke sentensi yote vizuri mara moja na muendelee. Mwisho wa ukurasa afunge kitabu akusimulie alichosoma, kwa lugha yoyote aitakayo. Hapo utajua kama alisoma au alitamka tu.

Ukifanya hivyo, uso wa mtoto ndio unaokupa majibu. Unaona neno linavyompita, unaona linavyomwingia. Huhitaji ripoti ya mwisho wa mwaka kujua kama umefaa. Ndiyo maana naamini kusoma na mtoto mmoja kunashinda kuhutubia mia moja, kwa yule anayetaka kazi imshike.

Ufuoni mambo ni mengine. Gugumaji likitolewa majini ni zito mno kwa kuwa karibu uzito wake wote ni maji; livute hadi ukingoni, liache likauke, libebwe siku nyingine. Mafunjo usiyaguse, maana ndimo samaki na ndege wanamozalia, na wageni hung'oa chochote cha kijani wakidhani wanasafisha. Usiingie majini bila mabuti: kichocho huenezwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na anayegusana na maji hayo mara kwa mara anafaa kwenda kupimwa, maana dawa ipo. Na muondoke mapema. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na mtu hasimami kati ya kiboko na maji.

7. Mkimaliza, msitawanyike mbio.

Dakika kumi na tano zinatosha. Chai, mandazi, na kila mmoja aseme kitu kimoja kilichomshika siku hiyo. Kisha daftari: nini kilinizamisha, nini kilinikatiza, wiki ijayo niongeze nini. Kumbuka nilichosema juu: furaha huja kazi ikiisha, na ukirukia boda boda papo hapo ukiwa umeinamia simu, utaipita bila kuiona. Kuna watu waliokuwa na furaha hiyo kila wiki na hawakuijua mpaka walipoanza kuiandika.

8. Baada ya mwezi mmoja, panda ngazi moja.

Uwezo wako umekua, kwa hiyo kazi ileile sasa ni ndogo. Mwenye kusoma na mtoto mmoja achukue wawili wa viwango tofauti, au amfundishe mgeni ule utaratibu. Karani wa ndege ashike darubini. Panda moja tu, na usikubali kufanywa katibu wa kila kitu kwa sababu umekuwa ukifika kwa wakati.

IKIKWAMA

"Nilifurahia mwanzoni, sasa ladha imeisha." Mara nyingi hujapanda ngazi. Rudi hatua ya 8. Kama umepanda na bado, badilisha kazi papo hapo ulipo kabla ya kuhama shirika.

"Nasahau saa kweli, lakini nyumbani wananilalamikia." Wana haki. Kuzama kunaweza kumla mtu hadi akasahau mtoto wake mwenyewe anamsubiri. Weka mwisho wa muda mapema na mpe mwenzako kazi ya kukuambia umefika. Saa mbili au tatu za wiki zinatosha. Ukiongeza, ziongeze kwa makubaliano na walio nyumbani.

"Narudi na huzuni ya wale ninaowasaidia." Hii hutokea sana kwa wanaowahudumia waliofurikiwa na wagonjwa mahututi. Usiende peke yako, na ile chai ya hatua ya 7 usiikose hata mara moja. Omba pia wiki kadhaa za kazi ya vitu badala ya watu: kupanga stoo, kuhesabu mablanketi, kuandika orodha. Haipunguzi msaada wako. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili, hulali, hupendi kula, nenda kituo cha afya uzungumze na mhudumu. Kujitolea hakuchukui nafasi ya matibabu.

"Natumika tu." Jiulize kama kazi unayofanya ilikuwa na mtu anayelipwa, akaachishwa ulipokuja wewe. Kama ndivyo, sema na mratibu waziwazi. Kijana asiye na kibarua ana haki ya kwanza ya kutafuta kibarua. Ajitolee kwa saa zinazobaki, na asione aibu.

"Naenda kwa ajili ya cheti, je, nitafurahi?" Inawezekana. Wengi huingia kwa sababu moja na kubaki kwa nyingine. Ila siku ya kazi yenyewe, kisahau cheti, kwa sababu anayehesabu saa za kujaza fomu anakuwa anatazama saa, na anayetazama saa hazami.

"Sizami popote, nimejaribu kila mahali." Angalia usingizi na chakula kwanza. Anayefika Jumamosi asubuhi akitoka zamu ya usiku hana akili ya kuzamisha. Hamia alasiri, au Jumapili baada ya ibada.

"Nataka kuacha, naona haya." Acha vizuri. Mwambie mratibu vikao viwili kabla, mlete au muombe mtu wa kukurithi, na umpe ule ukurasa wa daftari unaoonyesha kila mtoto amefika wapi, au funguo za stoo, au orodha ya vifaa. Watoto uwaambie wewe mwenyewe, wiki moja kabla, na usiwaahidi kwamba utarudi kama hujui.